Goma na Bukavu: Kware wa nyumbani wanamwaga chakula na maji, namna gani ya kuwazuia

Kware mmoja aliyekomaa anakula kati ya gramu 20 na 25 za chakula kwa siku. Ni vijiko vichache tu. Lakini mama au kijana anayefuga kware 10 kwenye baraza ya nyumba yake mjini Goma anaona mfuko wa provande unaisha mbele ya siku aliyohesabu. Hakuna aliyeiba. Chakula kiko chini ya kizimba, kimechanganyika na mavi na maji, na hakuna anayeweza kukitumia tena.

Ndege huyu, ambaye wengi wanamwita kayi kwa kufuata Kifaransa, amepata nafasi katika parseli za Goma na Bukavu kwa sababu haombi nafasi kubwa. Kizimba cha mita moja kwa mita moja kinatosha kware 10. Anaanza kutaga akiwa na wiki 6 hadi 7, yai lake linapima karibu gramu 10, na sauti ya dume wake haiamshi avenue nzima kama ya jogoo. Kuna wanaomfuga kwa ajili ya mayai, na kuna wanaomfuga kwa sababu watoto wanampenda. Ni watoto hao hao ambao mara nyingi wanaachiwa kazi ya kumpa chakula na maji, kabla ya kwenda shule, haraka haraka, katika sahani ya zamani ya jikoni iliyowekwa katikati ya kizimba.

Hapo ndipo shida inaanzia. Sahani ya wazi inageuka mahali pa kukanyaga, pa kuoga na pa kunyea. Katika mji ambako maji yananunuliwa kwa bidoni na provande kwa kilo, sahani hiyo inakula pesa kila siku, na baada ya wiki chache inaweza kuondoa kware wote.

Kwa nini anatupa chakula

Kware hana tabia mbaya. Ni ndege wa chini, wa kwenye majani mafupi, aliyezoea kutafuta mbegu kwa kufagia udongo kwa mdomo, upande huu na upande ule, huku akichakura kwa miguu. Akiwekewa unga katika sahani anafanya vile vile. Anasukuma ile ndogo pembeni ili afikie kipande cha mahindi au cha soya.

Provande nyingi ya huku ni mchanganyiko wa mahindi, soya, pumba na unga wa samaki wadogo, fretin au ndagala. Kama mashine haikusaga sawasawa, kware anachagua punje kubwa. Kinachoanguka ni ule unga mwembamba wenye samaki, vitamini na madini, yaani sehemu ya bei kali. Mfugaji anayepeleka mahindi yake mwenyewe kwenye mashine afadhali aombe yasagwe kwa ukubwa mmoja, yasibaki punje nzima na yasiwe laini kama unga wa fufu. Unga laini sana unamkwama ndege mdomoni, naye anakimbilia maji kujiosha mdomo, kisha maji nayo yanageuka uji.

Sababu ya pili ni kuoga. Kware anaoga vumbi, si maji, na asipopata vumbi ataingia katika sahani ya chakula, atajilaza kwa ubavu na kurusha unga kwa mabawa mpaka sahani ibaki tupu. Dawa yake ni rahisi: sanduku dogo la mchanga mkavu, lililowekwa mbali na chakula. Goma hakuna anayekosa mchanga mweusi wa volkano. Uchujwe kwanza ili mawe makali yatoke. Majivu kidogo ya kuni yanaweza kuchanganywa ndani, ila yabaki makavu, kwa sababu majivu yaliyolowa yanachoma ngozi na macho. Sanduku liwekwe saa moja au mbili kwa siku, kisha liondolewe. Likibaki siku nzima litageuka choo.

Hesabu ya hasara si ngumu kufanya. Kware 10 wanakula gramu 250 kwa siku, karibu kilo 7 na nusu kwa mwezi. Kama robo ya kinachowekwa inamwagika, itabidi kununua kilo 10 ili wao wale hizo 7 na nusu. Kwa mwaka ni kilo 30 za provande zilizonunuliwa kwa ajili ya panya. Na panya wanakuja kweli. Wanakula kilichoanguka, wanakojolea kilichobaki, na usiku wanauma kware miguu kupitia nyavu. Ubaya wa panya hauishii kizimbani: huko Ituri, tauni inayobebwa na viroboto wa panya bado inaonekana mara kwa mara, kama katika eneo la afya la Rethy. Kuacha chakula kimwagike kando ya mahali watu wanalala si jambo dogo.

Chombo kikae nje ya kizimba

Wafugaji wengi wanajaribu kwanza kununua sahani nzito zaidi. Hilo linazuia sahani isipinduke, lakini halizuii miguu. Kinachosaidia ni kuhamisha chombo: kikae nje, kimefungwa kwa waya kwenye ukuta wa kizimba, na kware apitishe kichwa tu. Matundu ya sentimita 3 hivi yanatosha kwa kware mkubwa. Miguu inabaki ndani, mavi yanabaki ndani, na kile anachorusha kwa mdomo kinarudi ndani ya chombo.

Chombo chenyewe hakiombi pesa nyingi. Tiyo ya PVC iliyopasuliwa kwa urefu na kuzibwa pande mbili inafaa. Kipande cha manjanja kilichokunjwa na fundi kinafaa pia, mradi kingo zikunjwe kuelekea ndani kwa sentimita moja hivi. Ukingo huo mdogo ndio unaozuia chakula kisitoke kinapofagiwa. Wasio na hivyo wanakata bidoni ya mafuta ya lita 5, wanaiosha kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu itoke, na kutoboa matundu ubavuni. Kingo zilizokatwa zilainishwe kwa kisu kilichopashwa moto. Shingo ya kware ni nyembamba na plastiki iliyokatwa vibaya inakata kama wembe.

Baada ya hapo kuna mambo mawili ambayo watu wanasahau. La kwanza ni kimo: ukingo wa chombo uwe sawa na mgongo wa ndege akisimama. Kikiwa chini zaidi anachakura, kikiwa juu sana wadogo hawafiki. La pili ni kiasi. Chombo kijazwe mpaka theluthi moja, mara mbili kwa siku. Kujaza mpaka juu asubuhi ili kupumzika mpaka kesho ndiyo njia ya haraka ya kulisha panya. Juu ya chakula kinaweza kulazwa kipande cha nyavu ya waya yenye matundu ya sentimita moja, kinachoshuka pamoja na chakula. Mdomo unapita, kufagia hakuwezekani.

Wengine wanalowanisha provande kidogo ili isirushwe. Inasaidia, na kware wanaipenda. Lakini chakula kilicholowa kiliwe ndani ya saa mbili, na kilichobaki kiondolewe. Katika masika ya Bukavu hakifiki jioni bila kuanza kuchacha.

Maji: bidoni moja, siku ngapi?

Kware anakunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula chake. Kumi kati yao wanahitaji nusu lita kwa siku. Kwa hesabu hiyo bidoni ya lita 20 ingewanywesha siku 40. Hakuna nyumba inayoona hivyo, kwa sababu maji mengi hayanywewi: yanapinduliwa, yanachafuliwa, yanamwagwa na kubadilishwa mara tano kwa siku. Katika kata za juu za Goma, ambako watoto na mama wanabeba bidoni kutoka mbali, kuzuia maji yasimwagike ni kupunguza safari.

Chupa iliyogeuzwa ndiyo njia ya bei ndogo. Chupa ya plastiki inajazwa, inatobolewa tundu moja karibu na mdomo wake, na kusimamishwa kichwa chini ndani ya kisahani chenye kina kifupi. Maji yanatoka mpaka yafunike tundu, kisha yanasimama yenyewe, kwa sababu hewa haiingii tena. Ndege akinywa, tundu linafunguka, maji yanaongezeka. Abrevwari zinazouzwa kwa wauza dawa za mifugo zinafanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Siri ni kwamba tundu liwe chini ya ukingo wa kisahani, na chupa isiwe na ufa hata mdogo. Ufa ukiwapo juu, hewa inaingia na maji yote yanatoka kwa dakika chache. Kizimba kikiwa kimeinama, na Bukavu ni mji wa milima, maji yanamwagika upande wa chini usiku kucha. Chupa ifungwe kwa waya ukutani, na kisahani kikaguliwe kama kimelala sawa.

Walio na uwezo wanatumia pipeti, vile vibomba vidogo vya chuma vinavyotoa tone ndege anapovigusa kwa mdomo. Kwa usafi hakuna kinachozishinda: mavi hayawezi kuingia. Lakini zina hatari yake. Pipeti iliyoziba haionyeshi kitu kwa nje, chupa inaonekana imejaa, na ndege wanakauka. Kware aliyekosa maji siku moja anaacha kutaga, na mdogo anakufa. Kwa hiyo kila asubuhi kidole kiguse kila pipeti, tone litoke. Wasioizoea waachiwe kisahani cha zamani kwa siku chache, mpaka wote waonekane wakinywa kwenye pipeti.

Kisahani cha maji kisikae karibu kabisa na chakula. Hatua moja ya mtu mzima inatosha ili mdomo wenye unga usiingie majini moja kwa moja. Chini yake kuwekwe fremu ndogo ya mbao yenye nyavu, na chini ya nyavu hiyo sinia. Matone yanaanguka kwenye sinia, na vumbi la mbao lililotandikwa linabaki kavu.

Vifaranga wana sheria yao. Kifaranga cha kware kinatoka kwenye yai baada ya siku 17 au 18, kikiwa na gramu 6 hadi 9, chepesi kuliko barua. Kinaweza kuzama katika maji ya sentimita mbili, au kulowa tu na kufa kwa baridi. Kisahani kijazwe mawe madogo ili maji yabaki katikati ya mawe. Hapa wakaaji wa Goma wajihadhari: jiwe la volkano lina matundu mengi, linashika uchafu na haliwezi kusuguliwa likatakata. Mawe laini ya mtoni, au bile za kioo ambazo watoto wanachezea, ni bora. Baada ya siku 7 hadi 10 yanaondolewa.

Kinachoua kwa kweli

Kware wakifa watatu kwa wiki moja, maneno yanakuwa mengi. Wengine wanasema ni baridi, wengine wanasema jirani ametia sumu. Mara nyingi jibu liko katika sahani.

Kuna ugonjwa wa matumbo unaoletwa na bakteria iitwayo Clostridium colinum. Unapata ndege wengi, lakini kware ndiye dhaifu kuliko wote mbele yake, hata ukapewa jina la ugonjwa wa kware. Unapita katika mavi yaliyoingia kwenye chakula au maji. Unaweza kuua ghafla ndege aliyeonekana mnene na mzima. Wengine wanajikunja, manyoya yamesimama, mavi yao ni maji meupe. Bakteria hiyo inajificha muda mrefu mahali ilipoingia, na ndiyo maana anayenunua kware wapya na kuwaweka katika kizimba kile kile, na sahani zile zile, anawapoteza tena.

Kokisidiosi nayo inapenda unyevu. Mayai ya vijidudu vyake yakitoka na mavi hayana nguvu bado. Yanahitaji joto na maji maji kwa siku moja au mbili ndipo yaweze kuambukiza. Mahali pakavu, na mavi yanayoondolewa kila siku, hayafiki hatua hiyo. Chini ya kisahani kinachovuja yanapata kila kitu.

Halafu kuna ukungu. Provande iliyolowa inaota ukungu wa kijani au mweupe, na mahindi yenye ukungu yanaweza kubeba sumu inayoharibu ini, ambayo haitoki kwa kuanika wala kwa kupika. Vumbi la ukungu huo likivutwa linaingia katika mapafu. Ndege anapumua mdomo wazi, shingo imenyooshwa. Chakula kilichonuka kisipewe ndege kwa kuhurumia pesa. Mfuko ukae juu ya mbao, mbali na ukuta, ndani ya ndoo yenye kifuniko, na usinunuliwe zaidi ya mwezi mmoja, hasa kati ya Septemba na Mei, mvua zinaponyesha.

Wafugaji wengi wakiona mavi ya maji wanakimbilia kutia vidonge vya tetrasikilini katika maji. Bila veterineri kusema ni ugonjwa gani, ni kubahatisha, na dawa yenyewe inamwagwa katika kisahani chenye utelezi. Ndege aliyekufa leo apelekwe leo kwa veterineri, kabla hajaoza, ili amfungue na kuangalia matumbo.

Kuosha bila kupoteza maji

Utelezi ule unaoshikwa na kidole ndani ya kisahani cha maji ni makao ya bakteria, na hautoki kwa kusukasuka. Unatoka kwa kusuguliwa kwa burashi au kitambaa, na sabuni, kila asubuhi. Maji kidogo yanatosha. Anayesugua ni mkono. Chombo cha chakula hakihitaji maji kila siku: kifutwe kikavu, makombo yatolewe, kioshwe mara moja au mbili kwa wiki, na kirudishwe kikiwa kimekauka kabisa. Kutia provande katika chombo chenye unyevu ni kuanza ukungu upya.

Mara moja kwa wiki vyombo vyote vipite katika javeli, kijiko kimoja cha supu kwa lita moja ya maji, dakika 10, baada ya kuoshwa kwa sabuni. Javeli haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha visuuzwe na kuanikwa juani. Javeli isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Moshi wake ni wa hatari kwa mtu na kwa ndege. Mwenye vyombo jozi mbili hana haraka: kimoja kinakauka, kingine kinafanya kazi. Maji ya zamani yasiyo na sabuni wala javeli yanaweza kwenda kwenye mgomba, lakini si juu ya lengalenga za kula.

Maji ya Ziwa Kivu yaliyotiwa klore pale yanapochotwa, kwa ajili ya kujikinga na kolera, ni mazuri pia kwa kware. Mwenye kutaka kutia vitamini ayaache wazi usiku mmoja ili klore ipungue. Vitamini nyingi zina sukari, na sukari inaleta utelezi. Siku hiyo kisahani kioshwe jioni pia. Uvira na Kalemie, ambako joto ni kali, chupa inayopenyeza mwanga inageuka kijani kwa siku chache. Ifunikwe kwa kitambaa au karatasi nyeusi, ikae kivulini.

Vyombo vya kware visioshwe katika beseni ya vyombo vya watu. Kware anaweza kubeba salmonela bila kuonyesha ugonjwa wowote, na mtoto anayesugua kisahani kisha akala mkate bila kunawa ndiye anayeumwa tumbo. Beseni yao, burashi yao, na sabuni ya mikono kando.

Anayetaka kujua kama mabadiliko yake yamefaa anaweza kupima kwa siku moja. Kabla ya kuhamisha chombo, atandike gazeti au mfuko chini ya mahali pa chakula, na kesho yake akusanye kilichoanguka katika glasi, aweke alama kwa kalamu. Afanye vile vile wiki moja baada ya kufunga chombo nje. Siku mbili tatu za kwanza kware watasimama wakitazama matundu bila kuelewa. Punje chache za mahindi zikiwekwa kwenye ukingo, mmoja atapitisha kichwa, na wengine watamfuata mbele ya jioni.